Wanaolala garini nao wawekewe kengele ya gesi

Naomba nizungumzie jambo linalowahusu madereva wa malori, matingo wao, wageni wa mbuga za wanyama na kila mwananchi ambaye usiku hulala ndani ya gari au chumba kidogo huku jiko likiwa karibu naye. Jambo lenyewe ni sumu itokayo kwenye moto, gesi ya kupikia inayovuja, na chombo kidogo cha kengele ambacho kinaweza kumwamsha mtu kabla hajapoteza maisha.

Mji wetu wa Mpanda ni mji wa safari. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Machimbo hayo yalifungwa zamani, lakini safari hazikukoma. Malori hufika kupakia mahindi na mpunga, mengine yakielekea Tabora, mengine Sumbawanga, mengine Kigoma, na mengine Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Kusini mwa mji, mwendo wa kilometa 35 hivi, ipo Sitalike, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Huko hupita wageni wenye magari yaliyofungwa hema juu ya paa, jiko la gesi nyuma, na mara nyingine vitanda na friji inayotumia gesi.

Sisi wa Kashaulili tunayaona magari ya namna zote mbili. Lori la mpunga na gari la mtalii hayalingani kwa bei wala kwa fahari. Lakini usiku ukiingia yanalingana kwa jambo moja, kwamba yote ni nyumba. Mtu hupika humo au mlangoni pake, hufunga vioo kwa sababu ya mbu, mvua, baridi ya Juni na Julai au hofu ya wezi, kisha hulala. Hapo ndipo hatari inapoingia naye, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu Mhariri, hatari hizi ni mbili, na watu wengi huzichanganya. Naomba nizieleze moja moja.

Ya kwanza ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hii hutoka kila mahali ambapo mkaa, kuni, mafuta ya taa, petroli au gesi inaungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Wananchi wa Katavi wamezoea kusikia habari za hewa ukaa, kwa sababu vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vimekuwa vikipata fedha kwa kutunza misitu ya milima ya Ntakata. Hiyo hewa ukaa ya misitu ni kaboni dayoksaidi. Kaboni monoksaidi ni ndugu yake, lakini ndugu mwenye tabia nyingine kabisa. Mtu akiivuta, hukimbilia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni. Damu huishika hewa hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo mtu huvuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo wake vinakosa hewa.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu na akili kuchanganyikiwa. Aliye macho hudhani ni uchovu wa safari, malaria au chakula kibaya. Aliyelala hadhani chochote, kwa maana usingizi wake huzidi kuwa mzito hadi mwisho. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi, na vilevile watoto wadogo na wenye maradhi ya moyo.

Linalowadanganya wengi ni moshi. Watu huwasha jiko la mkaa nje, wakasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo wakaliingiza ndani wakiamini kuwa sasa ni salama. Moshi umekwisha, lakini sumu haijaisha. Mkaa mwekundu usiotoa moshi wowote huendelea kutoa kaboni monoksaidi hadi ugeuke majivu. Kadiri chumba kinavyofungwa, ndivyo mkaa unavyokosa hewa, na ndivyo unavyozidi kuitoa. Magazeti yetu yamekuwa yakiandika mara kwa mara habari za watu waliokutwa asubuhi wamekufa kitandani, jiko likiwa pembeni. Baada ya hapo huanza minong'ono ya uchawi, ya sumu kwenye chakula, ya jirani mwenye kijicho. Wasio na hatia hunyoshewa vidole, na muuaji mwenyewe anabaki pale pale na majivu yake.

Hewa hiyo haiko kwenye mkaa tu. Jenereta la petroli likiwekwa ndani ya nyumba au karibu na dirisha hutoa kaboni monoksaidi nyingi sana. Mwezi Desemba 2024 huko Gudauri, mji wa mapumziko katika nchi ya Georgia, watu 12 walikutwa wamekufa katika vyumba vya kulala vilivyokuwa juu ya mkahawa. Polisi wa huko walieleza kuwa jenereta liliwekwa ndani, karibu na vyumba hivyo. Hao hawakuwa watu wasiokuwa na shule wala hawakuwa maskini wa kupindukia. Walikosa kitu cha kuwaambia kuwa hewa imeharibika. Wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu wanaoshusha pampu za petroli ndani ya mashimo ili kuvuta maji wajue kuwa wanashusha sumu hiyo hiyo.

Hatari ya pili ni gesi yenyewe ya kupikia, ile ya mtungini. Gesi hii ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoisikia ni dawa iliyotiwa makusudi ili pua itambue uvujaji. Tofauti na kaboni monoksaidi, ambayo husambaa chumba kizima pamoja na hewa ya kawaida, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Propeni ni nzito mara moja na nusu hivi, na buteni karibu mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi juu wala haitoki yenyewe kupitia dirishani. Hushuka sakafuni, chini ya kiti na chini ya kitanda, ikasubiri cheche.

Hapa ndipo udogo wa gari unapokuwa hatari. Gesi hii huweza kuwaka ikifikia sehemu 2 hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Tuchukue kabini ya lori yenye ukubwa wa mita 5 za ujazo. Sehemu 2 katika 100 za kabini hiyo ni lita 100 za gesi, na lita hizo hutokana na gramu 200 hivi za gesi ya mtungini. Mtungi mdogo wa kilo 6 una gesi ya kujaza kabini ya namna hiyo mara 30. Na kwa kuwa gesi hukaa chini, pale sakafuni huweza kufikia kiasi cha kuwaka hata kabla gramu 200 hazijatoka. Dereva anayefungua macho usiku na kuwasha sigara, au kuzungusha ufunguo ili asogeze lori, anaweza kuwa ndiye aliyeleta cheche hiyo.

Majirani zetu wa Kenya waliona nguvu ya gesi hii usiku wa Februari 1, 2024 katika mtaa wa Embakasi, Nairobi. Lori lililobeba gesi lililipuka, moto ukasambaa kwenye nyumba na maghala, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Lile lilikuwa lori zima la gesi, si mtungi wa kilo 6. Hata hivyo gesi ni ile ile, na tabia yake ni ile ile.

Wapo watakaosema kuwa harufu inatosha, na kwamba mwenye pua haihitaji kengele. Mimi nasema haitoshi. Kwanza, kaboni monoksaidi haina harufu kabisa. Pili, mtu aliyelala hanusi, na mwenye mafua hanusi. Tatu, pua huzoea. Mtu akikaa ndani ya harufu kwa muda, haisikii tena ingawa aingiaye kutoka nje anaisikia mara moja. Tingo anayelala na mtungi miguuni kila usiku ndiye wa mwisho kujua kuwa unavuja.

Ndiyo maana nchi nyingine zimeacha kutegemea pua. Nchini Marekani, kanuni za utengenezaji wa magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, zinataka yafungwe kengele ya gesi ya kupikia na kengele ya kaboni monoksaidi. Uingereza tangu Oktoba 1, 2022 inamtaka mwenye nyumba za kupangisha aweke kengele ya kaboni monoksaidi katika kila chumba chenye chombo cha kudumu cha kuunguza kuni, mafuta au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Huko waliona kuwa kinga ni bora kuliko tiba.

Kengele hizo hazihitaji fundi mkubwa, lakini zinahitaji mtumiaji anayezielewa. Ya gesi ya kupikia hufungwa chini, karibu na sakafu, kwa sababu huko ndiko gesi inakokwenda. Ya kaboni monoksaidi hufungwa ukutani mahali ambapo kichwa cha mlalaji kinavuta hewa, si ndani ya kabati wala nyuma ya pazia. Anayenunua moja akadhani inafanya kazi ya zote mbili asome vizuri maandishi yake, kwani nyingi hutambua gesi ya aina moja tu. Zipo zinazotumia umeme wa betri ya gari, na zipo zenye betri zao ndogo. Zote zina kitufe cha kujaribia, nacho kibonyezwe angalau mara moja kila mwezi na kabla ya safari ndefu. Tena kengele huzeeka. Kile kiungo cha ndani kinachonusa gesi huchoka baada ya miaka 5 hadi 10 kufuatana na aina, na tarehe yake huandikwa nyuma. Kengele iliyokwisha muda wake ni pambo. Anayenunua gari la kitalii lililotumika Ulaya aangalie tarehe hiyo kabla ya kujivunia kuwa gari lake lina kila kitu.

Kengele ikilia, isinyamazishwe ili watu waendelee kulala. Kama ni ya gesi ya kupikia, mtu asiwashe kiberiti, tochi wala injini, na asiguse swichi yoyote. Afungue milango, afunge mtungi kama anaweza kuufikia, atoke, akae mbali mpaka hewa isafike, na apige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akiwa nje. Kama ni ya kaboni monoksaidi, wote watoke kwenye hewa safi mara moja, na mwenye kuumwa kichwa au kulegea apelekwe hospitali yenye oksijeni. Katika hewa ya kawaida sumu hii huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu yake katika damu. Mtu akivalishwa kinyago cha oksijeni safi, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu au pungufu. Maziwa ambayo watu wetu hukimbilia kumnywesha kila aliyepata sumu hayasaidii hapa, kwa sababu sumu iko kwenye damu na haiko tumboni. Aliyezimia akinyweshwa maziwa anaweza kupaliwa akafa kwa hayo.

Nawaomba pia waganga na wauguzi wa zahanati zetu wawe na swali moja la nyongeza kwa wagonjwa waliofika kundi moja, wote wakiumwa kichwa na kutapika. Wawaulize walilala wapi na kulikuwa na moto gani. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hudanganywa na kaboni monoksaidi, kikaonyesha kuwa damu ina oksijeni ya kutosha kumbe haina. Swali linaweza kuokoa maisha pale ambapo kifaa kimesema uongo.

Ndugu Mhariri, naandika haya sasa kwa sababu nchi yetu inageuza jiko lake. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku mikoani. Huu ni uamuzi wa busara, nami nauunga mkono. Mkaa unamaliza miombo yetu, unaharibu mapafu ya mama zetu, na ndio wenye hiyo kaboni monoksaidi niliyoieleza.

Lakini mtungi unapogawiwa bila elimu, tunamwondolea mwananchi hatari aliyoizoea na kumpa hatari asiyoijua. Na habari za ajali husafiri kwa kasi kuliko lori. Mtungi mmoja ukiunguza nyumba katika kijiji, watu wa vijiji 10 watairudisha mitungi yao uvunguni na kurudi kwenye mkaa. Hapo tutakuwa tumepoteza watu, tumepoteza fedha za ruzuku na tumepoteza msitu. Usalama ni sehemu ya mkakati wenyewe, wala usihesabiwe kuwa pambo la kuongezwa baadaye.

Kwa hiyo natoa mapendekezo haya kwa vyombo vinavyohusika.

Kwanza, kila wakala anayeuza mtungi atakiwe kumwonyesha mnunuzi, papo hapo dukani, jinsi ya kufunga mpira wa gesi na jinsi ya kuupima kwa povu la sabuni. Povu likivimba, gesi inavuja. Hakuna ruhusa ya kupima kwa njiti ya kiberiti. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ndiyo inayosimamia biashara hii, nayo inaweza kulifanya somo hilo kuwa sharti la leseni.

Pili, kengele za gesi na za kaboni monoksaidi zipunguziwe kodi, Shirika la Viwango Tanzania lihakikishe ubora wa zinazoingia nchini, na ziuzwe pale pale inapouzwa mitungi. Kengele ya bandia ni mbaya kuliko kukosa kengele, kwa sababu humfanya mtu alale kwa amani isiyokuwepo.

Tatu, wenye malori na wenye kampuni za utalii wafunge kengele zote mbili katika kila gari ambalo mtu hulala ndani yake. Kila mwaka tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, ambapo magari hukaguliwa breki, taa na matairi. Askari wa usalama barabarani wakiongeza swali moja tu, "Ndani ya gari hili mnalala? Kengele iko wapi?", madereva wengi watapata habari hii kwa mara ya kwanza. Tajiri anayemnunulia lori lake matairi mapya hashindwi kumnunulia dereva wake kengele.

Nne, nyumba za wageni, mabweni ya wanafunzi na kambi za wachimbaji zipige marufuku jiko la mkaa katika vyumba vya kulala, na tangazo hilo libandikwe mlangoni. Viongozi wa mitaa walizungumze kwenye mikutano yao, na akina mama wanaomtunza mzazi aliyejifungua waelezwe kuwa mtoto hupashwa joto kwa nguo na kwa mwili wa mama yake, wala si kwa jiko lililowekwa chini ya kitanda.

Najua jibu litakalokuja, kuwa kengele ni anasa ya Wazungu na kwamba tingo hana fedha ya kununulia. Nami nakubali kuwa tingo hana, ndiyo sababu nimemtaja tajiri wake na nimetaja kodi. Lakini kwa yule ambaye hataipata kesho wala keshokutwa, ipo njia isiyo na gharama. Mtungi ukae nje ya mahali pa kulala na ufungwe kila baada ya kupika. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama mvua inanyesha. Injini na jenereta visiachwe vikiunguruma watu wakiwa wamelala. Kioo kiachwe wazi kidogo juu, na pawe na tundu la hewa chini. Mwenye kengele naye ayafuate hayo hayo, kwa maana kengele hutoa habari tu, haisafishi hewa.

Dereva anayelala Kashaulili na shehena ya mpunga anategemewa na familia yake, na mpunga wake unategemewa na miji ya mbali. Mgeni anayelala Sitalike ametuamini kwa usalama wake. Wote wawili wana haki ya kuamka asubuhi, na sisi tuna wajibu wa kuhakikisha kuwa wanaamka.

Mkazi wa Kashaulili,
Mpanda, Katavi.